Kutegua na Kutega Mafumbo ya Mfuatano wa Namba: Mwongozo Kamili

Tazama namba hizi: 2, 3, 5. Inafuata ipi? Aliyezoea namba tasa atasema 7. Aliyezoea kujumlisha namba mbili zilizotangulia atasema 8. Wa tatu ataona kila namba ni maradufu ya iliyotangulia ukitoa moja, naye atajibu 9. Wote watatu wana haki. Mwenye kosa ni mtegaji, aliyetoa namba tatu akadhani zinatosha.

Kihisabati, namba yoyote ile inaweza kufuata. Chukua 2, 4, 6, 8 na kanuni hii: 2n + (n−1)(n−2)(n−3)(n−4), ambapo n ni nafasi ya namba kwenye mstari. Katika nafasi nne za kwanza mabano mojawapo huwa sifuri, kwa hiyo zinatoka 2, 4, 6, 8 barabara. Nafasi ya tano inatoka 34. Hakuna atakayekupa alama kwa jibu hilo, na sababu ni moja tu: kanuni yake ni ndefu mno kwa kazi iliyopo. Jibu linalotakiwa kwenye fumbo la mfuatano ni lile linalotokana na kanuni fupi kuliko zote inayoeleza kila namba iliyotolewa. Mteguaji anaisaka kanuni hiyo. Mtegaji anaziba njia za kanuni nyingine fupi. Mengine yote katika mwongozo huu yanatoka hapo.

Kabla ya kukokotoa, tazama

Nusu dakika ya kutazama huokoa dakika kumi za kukokotoa. Angalia kasi. Namba zikipanda kwa hatua zinazokaribiana, anza na kujumlisha. Zikiruka ghafla kutoka makumi hadi maelfu ndani ya nafasi chache, kuna kuzidisha au vipeo. Zikipanda na kushuka, huenda ni mifuatano miwili iliyosukwa pamoja, au kanuni mbili zinazopokezana. Zikiwa hazina mpangilio wowote lakini hazizidi 12, fikiria saa. Zisipozidi 31, fikiria kalenda. Na tarakimu zikiwa ni 1, 2 na 3 pekee, acha kukokotoa kabisa, maana pengine namba zinasomwa, hazihesabiwi.

Jedwali la tofauti

Hiki ndicho chombo cha kwanza, na kwa mafumbo mengi ndicho cha mwisho pia. Andika namba kwenye mstari, nafasi pana kati yake. Chini, kati ya kila jozi, andika ya kulia ukitoa ya kushoto. Rudia kwa mstari mpya mpaka upate mstari wa namba zinazofanana.

3    7    15    27    43
  4    8    12    16
    4    4    4

Mstari wa tatu umetulia. Sasa rudi juu: 4 nyingine, kwa hiyo tofauti inayofuata ni 20, na namba inayofuata ni 63.

Ukitaka fomula, kwa mfano umeulizwa namba ya nafasi ya 50, gawanya tofauti ya pili kwa mbili: 4 ÷ 2 = 2, kwa hiyo fomula inaanza na 2n². Andika 2n² kwa kila nafasi: 2, 8, 18, 32, 50. Toa kutoka namba za fumbo: 1, −1, −3, −5, −7. Mabaki haya yanashuka kwa mbili mbili, yaani 3 − 2n. Fomula kamili ni 2n² − 2n + 3, na nafasi ya 50 inatoka 4903. Kama kilichotulia ni mstari wa tofauti ya tatu, gawanya kwa 6 badala ya 2, na fomula itaanza na n³.

Hapa watu wengi hujikwaa: wanauamini mstari wenye namba moja au mbili. Namba tatu zozote zile hutoa tofauti ya pili moja tu, na hiyo haiwezi kukanushwa na kitu. Zikiwa nne unapata mbili, ambazo zinaweza kulingana kwa bahati. Mstari uliotulia uwe na angalau namba tatu ndipo uuamini. Kosa jingine ni la ishara: namba zikishuka, tofauti ni hasi, na ukisahau alama ya kutoa mahali pamoja, mstari unaofuata wote unaharibika.

Jedwali hili lina manufaa ambayo hayatajwi sana: linafichua namba iliyokosewa. Tuseme fumbo linauliza ni ipi isiyostahili kuwapo katika 3, 7, 15, 28, 43, 63. Tofauti ni 4, 8, 13, 15, 20. Tofauti za pili ni 4, 5, 2, 5. Zingekuwa zote 4. Badala yake zimepotoka kwa 0, +1, −2, +1. Namba moja iliyo mbali na ncha ikizidi kwa 1 huacha alama hiyohiyo kila mara, na penye −2 ndipo katikati ya tatizo. Ile 2 imezaliwa na 15, 28 na 43, kwa hiyo mkosaji ni ya katikati, 28, nayo imezidi kwa 1. Ilipaswa kuwa 27.

Jedwali likikataa kutulia

Usiendelee kushuka bila kikomo. Soma mstari wa kwanza wa tofauti, kwa kuwa hata usipotulia unasema kitu.

Tofauti zikiwa zinazidishwa kwa namba ileile, kanuni ni ya kuzidisha kisha kuongeza au kutoa. Katika 5, 13, 37, 109 tofauti ni 8, 24, 72, kila moja mara tatu ya iliyotangulia. Basi zidisha namba za fumbo kwa 3 uone kinachobaki: 5 × 3 = 15, lakini tunayo 13; 13 × 3 = 39, tunayo 37; 37 × 3 = 111, tunayo 109. Kila mara inatolewa 2. Inayofuata ni 327 − 2 = 325.

Tofauti zikiwa ni mfuatano wenyewe umerudi, kanuni ni kujumlisha zilizotangulia. Tazama 4, 7, 11, 18, 29, 47: tofauti ni 3, 4, 7, 11, 18. Ukishuka tena utaikuta familia ileile, na ungeweza kushuka hadi jioni. Inayofuata ni 29 + 47 = 76. Mfuatano maarufu wa aina hii, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, uliingia Ulaya kupitia fumbo la sungura katika kitabu cha Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, cha mwaka 1202, ingawa wataalamu wa arudhi ya Kisanskriti huko India walikuwa wanaujua kabla yake. Dalili yake ya haraka ni hii: gawanya namba kwa iliyoitangulia. Jibu likielekea 1.618, kama 47 ÷ 29 linalotoa takriban 1.62, umeshaipata kanuni bila kuchora jedwali.

Kama kugawanya huku kunatoa namba kamili zinazopanda, kanuni iko kwenye kizidishi chenyewe. Mfano 3, 6, 18, 72, 360: vizidishi ni 2, 3, 4, 5, kwa hiyo inayofuata ni 360 × 6 = 2160.

Likishindikana hilo pia, tafuta majirani. Weka kichwani namba za mraba hadi 400 (20 × 20), za mchemraba hadi 1000, vipeo vya 2 hadi 1024, na namba tasa hadi 50. Kisha uliza: kila namba ya fumbo iko karibu na nani? 2, 9, 28, 65, 126 zinaonekana za ajabu mpaka utambue kila moja imezidi mchemraba kwa 1: 1, 8, 27, 64, 125. Inayofuata ni 217. Nayo 4, 9, 25, 49, 121 ni miraba iliyorukwa: 16 haipo, 36 haipo. Zilizobaki ni miraba ya namba tasa 2, 3, 5, 7, 11, na jibu ni 169. Namba isiyokuwapo mara nyingi inasema mengi kuliko zilizopo.

Panda shuka

Katika 3, 20, 6, 17, 12, 14, 24, 11, ? soma nafasi za witiri peke yake: 3, 6, 12, 24. Za shufwa peke yake: 20, 17, 14, 11. Alama ya kuuliza iko nafasi ya tisa, ambayo ni witiri, kwa hiyo jibu ni 48. Kosa la kawaida hapa ni kujibu 8, yaani kuendeleza uzi usio wako. Hesabu nafasi kwa kidole.

Kanuni zinazopokezana hufanana sana na hizi. 4, 8, 5, 10, 7, 14, 11, ? ni zidisha kwa 2, kisha toa 3. Jibu ni 22. Lakini ukiusoma kwa nyuzi mbili, nafasi za shufwa ni 8, 10, 14, zinazopanda kwa 2 kisha 4, na ukiongeza 8 unafika 22 vilevile. Usihangaike kuamua ipi ni kanuni "halisi". Njia mbili zikikutana mlango mmoja, fumbo ni salama.

Tarakimu, maneno na kalenda

Tofauti zikirukaruka bila mpango lakini zikibaki ndogo, jumlisha tarakimu. 16, 23, 28, 38, 49, 62, ? Tofauti ni 7, 5, 10, 11, 13: vurugu tupu. Ila 1 + 6 = 7, na 2 + 3 = 5, na 2 + 8 = 10. Kila namba inaongezwa jumla ya tarakimu zake. 62 + 8 = 70.

Mfuatano wa kusoma ni 1, 11, 21, 1211, 111221. Soma ya kwanza kwa sauti: "kuna moja, mara moja", ndiyo 11. Hiyo nayo ina 1 mara mbili: andika idadi kwanza, 21. Kisha 2 moja na 1 moja: 1211. Baada ya 111221 inakuja 312211. Mwanahisabati John Conway aliuchambua mfuatano huu kwa kina, na inajulikana kuwa ukianza na 1, tarakimu 4 haitokei hata uendelee milele.

Saa: 3, 8, 1, 6, 11, 4, ? inaongeza tano tano, ikivuka 12 inaanza upya, kwa hiyo 9. Kalenda: 31, 28, 31, 30, 31, 30, 31, ? ni siku za miezi. Jibu ni 31, kwa kuwa Julai na Agosti zimefuatana na siku sawa, na hapo ndipo wenye haraka huandika 30.

Maneno ni uwanja wetu wenyewe, na mafumbo ya namna hii hayawezi kuazimwa kutoka lugha nyingine. Jaribu 10, 2, 1, 8, 4, 7, ? kabla ya kuendelea kusoma. Hakuna hesabu ndani yake. Ni majina ya namba kwa mpangilio wa alfabeti: kumi, mbili, moja, nane, nne, saba, kisha sita, tano, tatu, tisa. Jibu ni 6. Kuhesabu herufi pia kunawezekana, ila chagua vizuri. Kuanzia tano hadi kumi kila jina lina herufi nne, kwa hiyo mfuatano unadoda. Makumi ndiyo matamu: kumi 4, ishirini 8, thelathini 10, arobaini 8, hamsini 7, sitini 6, sabini 6, themanini 9, tisini 6, mia 3. Uzuri wake ni kwamba anayeandika arubaini au thamanini anapata idadi ileile ya herufi, hivyo hakuna wa kukulalamikia.

Hakiki kabla ya kujibu

Kanuni ieleze kila namba, kuanzia ya kwanza. "Inafanya kazi isipokuwa ile ya pili" maana yake haifanyi kazi. Na hata ikieleza zote, uwe na wasiwasi kidogo namba zinapokuwa chache. Chora duara, weka nukta kwenye mzingo wake, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari ulionyooka, kisha hesabu vipande. Nukta 1 inatoa kipande 1. Nukta 2 vipande 2. Kisha 4, 8, 16. Kila mtu anasubiri 32 kwenye nukta ya sita. Vinapatikana 31. Na ukizipanga nukta sita kwa umbali sawa, mistari mitatu inakutana katikati na kumeza kipande kimoja, unahesabu 30. Kinachoendelea ni 57, kisha 99, na ukichora jedwali la 1, 2, 4, 8, 16, 31, 57, 99 utaona mstari wa tofauti ya nne umetulia: 1, 1, 1, 1. Hakukuwa na maradufu tangu mwanzo.

Sasa tega lako

Anza na kanuni, usianze na namba. Iandike kwa sentensi moja. Ikikulazimu kuandika "lakini kila ya tatu…", ipunguze. Mteguaji hawezi kuona sentensi yako, anaona namba tu.

Chagua namba za kuanzia kwa uangalifu, maana hapa ndipo mafumbo mengi mazuri huharibikia. Tuseme kanuni ni kujumlisha mbili zilizotangulia. Ukianza na 1, 2 unapata 1, 2, 3, na watu wanadhani unahesabu. Unaamua kuanza na 5, 2: unapata 5, 2, 7, 9, 16, 25. Inaonekana safi. Sasa itazame kwa macho ya mgeni: 9, 16, 25 ni miraba mitatu iliyofuatana, na atakuja na 36 akiwa na uhakika wote, huku jibu lako ni 41. Anaweza kushindwa kueleza 5, 2, 7 za mwanzo, lakini atakuwa ameshapoteza imani na fumbo lako. Anza na 3, 4: 3, 4, 7, 11, 18, 29. Safi kweli.

Kisha amua utoe namba ngapi. Hesabu vitu visivyojulikana kwenye kanuni, ongeza angalau mbili za ushahidi. Kujumlisha namba ileile kila mara kuna visivyojulikana viwili (pa kuanzia na hatua), kwa hiyo nne. Kuzidisha na kuongeza kuna vitatu, kwa hiyo tano. Tofauti ya pili iliyotulia, tano vilevile, sita ni bora. Kujumlisha zilizotangulia, tano au sita. Nyuzi mbili zilizosukwa, nne kwa kila uzi, yaani nane. Ukipunguza hapo hufanyi fumbo kuwa gumu, unalifanya kuwa la kubahatisha, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Pengo si lazima liwe mwishoni. Likiwa katikati, linabanwa pande zote mbili, na kanuni pinzani hufa haraka. Kuacha mapengo mawili pia kunasaidia: anayebahatisha la kwanza hukwama kwenye la pili.

Ugumu uongeze kwa kuvika, si kwa kurundika. Chukua mifuatano inayojulikana uifunike kidogo: mchemraba ukitoa nafasi yake, n³ − n, unatoa 0, 6, 24, 60, 120, 210. Ni kanuni fupi, na ina mlango wa pili: ni 0×1×2, 1×2×3, 2×3×4 na kuendelea. Fumbo lenye milango miwili inayofika jibu moja ndilo linalopendwa. Ukiongeza safu ya tatu ya kificho, kwa kawaida umelizika.

Halafu lishambulie mwenyewe. Chora jedwali la tofauti la fumbo lako kana kwamba hujui kanuni. Gawanya kila namba kwa iliyoitangulia. Tenga witiri na shufwa. Njia yoyote ikitoa jibu jingine kwa kanuni fupi, badili pa kuanzia au ongeza namba moja mbele. Mwishowe pitisha namba zako kwenye OEIS, hazina ya mifuatano ya namba kamili ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 na ambayo iko kwenye intaneti tangu 1996. Andika namba sita zikitenganishwa kwa mkato. Matokeo yakiwa mengi, tazama namba inayofuata kwenye kila tokeo. Zikitofautiana na jibu lako, soma kanuni zake uone kama kuna iliyo fupi kuliko yako. Usipopata kitu, ondoa namba ya kwanza ujaribu tena, kwa kuwa mifuatano mingi imesajiliwa kuanzia mahali tofauti. Mfuatano wa vipande vya duara unaupata kwa namba A000127, wa Fibonacci A000045.

Karatasi ya majibu iwe na mambo matatu: kanuni kwa sentensi, jibu, na namba nyingine tatu baada ya jibu. Zile tatu ni za kumnyamazisha mbishi, na zinakulazimisha kukokotoa upya. Kokotoa ukirudi nyuma pia, kutoka jibu hadi namba ya kwanza, maana kosa la kujumlisha ulilolifanya ukienda mbele mara nyingi utalirudia ukienda mbele tena.

Mpe mtu mmoja au wawili wasioijua kanuni. Usiwaulize jibu tu, waulize wamefikaje. Akifika kwa njia yako, vizuri. Akifika jibu lilelile kwa njia nyingine, iandike kwenye karatasi ya majibu. Akija na jibu tofauti na kanuni inayoshika namba zote, usibishane naye. Ongeza namba inayomkanusha, kisha mpe mtu mwingine.